Walinzi Saba wa Ukili

Jumatatu, 3 Februari

Hili sijamwambia mtu: nimemaliza shule, nina miaka kumi na minane, na bado ninatengeneza wanasesere. Ni Walinzi Saba wa Mji wa Kesha, wale wa vitabu vitatu tulivyovisoma mimi na rafiki yangu wa shule Mwanasiti mpaka kurasa zikalegea. Jana usiku nilimaliza wa saba.

Leo asubuhi nimechana ukindu na Bibi. Mimi ninachana, yeye anasuka mikeka. Tunaweza kukaa mpaka adhuhuri bila neno. Ni mtu pekee ambaye kimya changu hakimkeri.

Miili ya walinzi nimeitoa kwenye vipande vilivyobaki vya ukili wake, ule utepe wa ukindu anaousuka. Nyuso ni kitambaa cheupe nilichokikuta chini kabisa ya sanduku lake. Vifuani nimeandika majina kwa wino mwekundu, kwa herufi za Kesha. Vitabuni herufi hizo zimetajwa tu, hazikuonyeshwa. Tulizibuni sisi wawili, kidato cha pili.

Jumatano, 5 Februari

Nimewapiga picha kwa simu ya Baba, nikaituma kwenye kundi la wasomaji wa Kesha. Mmoja ametengeneza taji la malkia kwa mabati ya kopo. Mwingine ameoka lango la mji kwa unga wa ngano, likapasuka, akasema ni baada ya vita. Mtu akauliza walinzi wanakula nini huko chini ya ardhi. Wamebishana kutwa nzima. Mimi nikaandika: mihogo, hawana haja ya kuing'oa. Wakacheka wote. Kwa mdomo siwezi kumchekesha mtu hata mmoja.

Kitabuni walinzi huzikwa wima kuuzunguka mji, nyuso nje, wasikie nyayo za adui. Alasiri, Bibi akiwa kwenye swala, nimewazika wangu kuuzunguka mji wetu. Mji, yaani nyumba mbili: yetu na ya Baba mdogo Salimu. Matokeo yangu ni D. Chuo hakuna. Nilitaka kitu kimoja nilichokifanya kiwe mahali pake.

Mwanasiti hajajibu. Huko Mombasa ana watu wapya.

Jumamosi, 8 Februari

Baba mdogo alikuwa anachimba shimo la choo nyuma ya nyumba yake. Jembe likamtoa mlinzi wa tatu.

Mkewe, Riziki, alipiga ukelele ambao bado ninausikia. Mtoto wake ana homa mwezi mzima sasa, hospitali wanaingia na kutoka. Walichimba kila mahali. Wakapata wanne wengine. Majirani wakajaa uani.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko na sufuria mkononi. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: mimi. Sikulisema.

Mwanamke mmoja akaokota mlinzi, akamgeuza kwa kijiti. "Ukingo huu wa kukunjwa mara mbili, nani anayesuka hivi hapa?" Mikeka ya Bibi inajulikana mpaka Bodo.

Kisha Bibi mwenyewe akasogea, akaushika ule uso mweupe. "Lakini hii ni bafta ya sanda ya mume wangu," akasema. "Ilibaki. Imefikaje huku?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia kitu.

Sikujua kama ni ya sanda. Wallahi sikujua.

Jumapili, 9 Februari

Hakuna mtoto aliyempa Bibi shikamoo leo. Vijana wamepita nje, mmoja akapaza sauti: "Bibi, leo ungo unapaa saa ngapi? Tupitishe Ukunda!" Wakacheka. Bibi aliendelea kusuka.

Mama mmoja alikuja kurudisha mkeka wa harusi ya bintiye. Hata hakuuleta mlangoni. Aliuacha kwenye njia.

Jioni Bibi ameutazama mkono wangu. Wino mwekundu ulikuwa bado pembeni mwa kucha. Akakata ndimu, akanisugua vidole kimoja kimoja mpaka vikawa safi.

Najichukia.

Jumanne, 11 Februari

Kikao kimefanyika kwa mzee wa kijiji. Mganga ataletwa Ijumaa kusafisha mji. Baba mdogo alisimama mbele ya watu wote akamwambia Bibi: "Mama, ondoka kabla hajafika. Vijana sitaweza kuwazuia." Huyo ni mwanawe wa kumzaa. Alikuwa analia huku anasema.

Kila mtu hapa anajua vijana huwafanya nini wazee wanaosemwa ni wachawi.

Tuliporudi nimemwambia Baba kila kitu. Si kwa mdomo, nimeandika kwenye karatasi. Nikamwonyesha ukurasa wa kitabu, na picha, na utani wa kundi. Alisoma taratibu, mpaka lile la mihogo. Nilidhani tumeokoka.

Akasema, "Herufi hizi za nani?"

Nikamwambia zetu, mimi na Mwanasiti; kitabuni hazimo.

"Saumu mwanangu. Ukiwaonyesha haya watasema bibi yako amekurithisha. Leo wanaye mmoja. Kesho watakuwa na wawili."

Akafuta picha. Akafuta kundi. Vitabu vyote vitatu ameviingiza motoni jikoni, na walinzi wawili waliobaki nimewafukua mwenyewe nikampa. Ukili mkavu unawaka haraka sana.

Jumatano, 12 Februari

Nimejaribu. Nimeamka nimeazimia kwenda kwa Riziki kusema, watakalofanya wafanye. Nimefika katikati ya ua. Ndani mtoto alikuwa analia kile kilio kilichokosa nguvu.

Bibi alinifuata bila viatu. Akanishika kiwiko.

"Unakwenda wapi?"

"Kusema."

"Kusema nini? Wewe wa kusema wewe?" Akacheka kidogo, kweli. Kisha hakucheka. "Mimi umri wangu nimeshaula. Wako hata hujauonja. Rudi ndani."

Nikarudi. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote. Nilipoambiwa nirudi, nilifurahi.

Ijumaa, 14 Februari

Bibi ameondoka baada ya swala ya alfajiri, kwenda Ramisi kwa dadake. Baba amempeleka kwa pikipiki ya kukodi. Sanduku hakulichukua. Alimpa Baba mdogo mkono, naye akauinamia. Shikamoo yake haikusikika vizuri, lakini Bibi aliitikia marahaba.

Mganga amekuja saa nne. Amezunguka na chetezo cha ubani, amemwaga maji, amesema pamekuwa safi. Watu wameondoka wameridhika. Wengine wamenisalimia, wananionea huruma kwa kuwa niliishi na Bibi.

Mtoto wa Riziki bado ana homa.

Nimefagia uani. Nimepika mchicha na ugali, Baba amekula, tumekaa. Hakuna aliyewasha redio.

Daftari, wanaojua haya ni wewe, Baba na Bibi. Usimwambie mtu kuwa ni mimi. Mwenye kuomba hivyo ni Bibi, na sina kingine cha kumpa.