Wamemfuta Ngurumo, Nami Nimempoteza Jotham

Mshauri Jepkemboi,

Ninashikilia, na nitaendelea kushikilia hata nikibaki peke yangu, kwamba mchapishaji wa vibonzo hana haki ya kumrudisha utotoni shujaa ambaye wasomaji walimwona akitahiriwa. Nakuomba msaada kwa sababu msimamo huu, ambao sioni kosa lake, umenitenga na mtu niliyekua naye.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye shahada ya fasihi, mkazi wa Kamukuywa. Tangu darasa la tano nimesoma kila toleo la kampuni moja ndogo ya Kitale inayochapisha hadithi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, wote wakiishi katika ulimwengu mmoja, hivi kwamba mvua ikinyesha katika kitabu cha Ngurumo, Mama Ukungu wa Endebess hulowa katika kitabu chake. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya vitabu hivi: kilichotokea kilikuwa kimetokea. Mama Ukungu alipokufa katika toleo la themanini, alikufa kote, na kwa matoleo saba hakuna shujaa aliyepita Endebess bila kuvua kofia. Na Ngurumo, kijana anayeita radi kwa kidole, alipotahiriwa katika toleo la thelathini na nne, aliiweka radi kando, akapakwa matope ya mto kama mvulana yeyote wa Bungoma, akasimama bila kupepesa jicho, ilhali angeweza kumchoma ngariba na uwanja mzima. Sijasoma ukurasa bora kuliko huo, na nimesoma mengi.

Mwaka huu kampuni imetangaza kwamba vitabu vyote vinaanza upya kutoka namba moja. Kwa mujibu wa tangazo, Mama Ukungu yu hai, na Ngurumo ana miaka kumi na miwili, hajatahiriwa, anaishi mjini Kitale na kushinda kwenye simu. Miaka kumi na mitano imefutwa ati wasomaji wapya wapate pa kuanzia. Ni mzee gani wa kwetu anayeweza kumwambia mtu mzima arudi kuwa mvulana ili wageni wapate kumzoea?

Mwandishi mkuu wa mwanzo huu mpya ni Jotham. Mimi naye ni bakoki, yaani tulitahiriwa Agosti moja, uwanja mmoja, bega kwa bega, na kwa desturi yetu undugu wa namna hiyo hauna mwisho. Siku ya uzinduzi, katika ukumbi mmoja wa Kitale, nilisimama nikamuuliza mbele ya watu kwa nini ameifanya kazi hii. Akacheka, akasema, "Hesbon, si hii ni kitabu tu, bana? Mtoto wa Kachibora ataanzaje na namba mia moja na kumi na mbili?" Watu wakampigia makofi. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikaandika katika ukurasa wa kampuni mtandaoni hoja kumi na moja, na ya kumi na moja ilisema kwamba anayeweza kuufuta ukurasa wa kutahiriwa kwa Ngurumo huenda yeye mwenyewe hakusimama imara siku yake.

Ilikuwa tamathali ya usemi, mshauri. Lakini watu waliisoma kama ushahidi, kwa kuwa wanajua nilikuwa kando yake. Sasa Jotham akipita sokoni vijana hujifanya wanalia, naye hajibu simu zangu. Wiki iliyopita mama yake, Mama Roselyne, alikuja kwetu, akakataa kiti, akaniuliza, "Hesbon, wewe ulikuwa kando yake. Alilia?"

Nikamwambia hakulia, mama.

"Sasa mbona mimi ndio naulizwa sokoni? Si useme wewe."

Sijasema, kwa sababu nikiiondoa hoja ya kumi na moja watu watadhani nimeziondoa na zile kumi, na kampuni itashangilia. Je, ni haki mimi niombe radhi kabla kampuni haijawaomba radhi wasomaji iliowadharau? Sitaki ushauri wa faragha. Ninadai unijibu gazetini, wahusika wote wasome.

Hesbon, Kamukuywa

Hesbon,

Pole kwa Ngurumo, na sikutanii. Binti yangu alimlilia Mama Ukungu siku mbili nzima. Kampuni iliyowauzia watu hadithi moja kwa miaka kumi na mitano ingewaaga kwa heshima, na ingeendelea kuchapa vitabu vya zamani kando ya vipya. Waandikie hivyo, nami nitatia sahihi chini ya yako.

Lakini umemaliza karatasi nzima kwa watu wa kuchorwa, ukambakizia mistari michache mtu mwenye mama. Mimi ni mwanamke, tena Mkalenjin, na ya uwanjani kwenu siyaingilii. Hata hivyo, umesomea fasihi na umekulia Kamukuywa. Usiniambie hukujua maneno yale yangesomwaje. Ulijua, ndiyo maana uliyaweka mwisho.

Kampuni imefuta jambo ililolibuni yenyewe. Wewe umefuta jambo lililotokea kweli, na shahidi ni wewe mwenyewe. Halafu unaniuliza nani aanze kuomba radhi! Jotham hawezi kujitetea, kwa sababu mwanamume anayezunguka akieleza kwamba hakulia huchekwa zaidi. Umemfunga mdomo, nawe umenyamaza ili hoja zako zisipungue uzito. Na nikuulize: hicho kitabu kipya umekifungua? Katika barua yote sioni ulichokijua zaidi ya tangazo. Msomaji wa kiwango chako anajua hilo linaitwaje.

Leo hii ingia katika ukurasa ule ule uandike kwa jina lako: Nilikuwa kando ya Jotham. Alisimama. Niliyoandika hayakuwa kweli. Usiongeze "lakini". Usiambatishe hoja zako kumi, zitasubiri. Kisha, kwa kuwa wanaomsumbua Mama Roselyne ni watu wa sokoni na si wote wenye kusoma mitandao, siku ya soko mfuate pale anapouzia, mwombe mzunguke pamoja, na kila atakapokuonyesha, uyaseme hayo hayo kwa mdomo wako. Utaona haya. Mwenzako ameziona siku zote hizi bila kosa. Acha kumpigia simu: ulimvunjia heshima mbele ya watu, huwezi kumwomba radhi sikioni. Akikufungulia mlango baada ya hapo, ingia, ule, mbishane kuhusu Ngurumo mpaka mchoke.

Ulidai jibu la hadharani, umelipata. Sasa mimi ninakudai lako. Sitaki barua ndefu wala hoja. Niletee zile sentensi tatu kwa jina lako kamili, zichapwe hapa, mahali ambapo Kitale na Bungoma zitazisoma.

Mshauri Jepkemboi