Nilimpima Mke Wangu Kama Gunia la Mawe

Mama Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumapili, maana nyumba yangu hapa Manika inacheka na kununa kwa wakati mmoja. Mke wangu Noëlla ana kansa ya tezi ya shingo iliyokwisha kusambaa, tukampeleka Zambia, mashine ikampiga mionzi shingoni wiki baada ya wiki, na sasa amerudi anapumua vizuri, anameza tonge la bukari tena, daktari anasema ugonjwa haujaisha lakini umetulia, na juu ya furaha hiyo binti yetu Merdi amezaa mapasa, pacha wawili, Kyungu na Kabange, Jumapili ni ngoma ya kuwashangilia, ila dada yangu Brigitte anapiga kelele, "Ule mwanamuke iko na mionzi mu mwili, asishike batoto!", nami kwa woga nikamwita rafiki yangu Dady, anayepima mionzi ya magunia ya mawe kwenye depo ya madini, akampitishia Noëlla kimashine chake shingoni, mke wangu akamwuliza, "Tata Dady, mi niko shaba ao kobalti?", kimashine kikanyamaza, halafu kikalia kama kichaa mbele ya kabati, penye jiwe langu jeusi la ukumbusho kutoka mgodi wa Mashamba! Brigitte bado anakataa, Noëlla hasemi nami. Nimfuate nani?
Gracien

Gracien, nimecheka, kisha nikakasirika. Mwanamke amerudi kutoka mlangoni pa kaburi, nawe unampima kama shehena! Mionzi ya mashine ni kama mwanga wa tochi: ukizima, haubaki mwilini. Wako wanaomezeshwa dawa yenye mionzi, na hao daktari huwaambia siku za kujitenga. Una shaka? Mpigie daktari wake leo, si Brigitte. Tunalala na mawe hatari chumbani bila swali, lakini tiba ikija tunaikimbia! Ujinga huo nitaupiga vita mpaka nife.

Jiwe litoke leo. Dady alipeleke kwa wanaohusika, lisitupwe mtoni wala kwa jirani. Miadi ya daktari isikosekane hata mara moja. Brigitte akibisha, mlete kwangu, mdomo ninao.

Jumapili Noëlla akae katikati, Kyungu mkono huu, Kabange mkono ule, pemba, ule udongo mweupe wa baraka, usoni. Nyimbo za mapasa ni za matusi, unajua, na nkambo, bibi wa watoto, humtukana amtakaye. Wewe umempa maneno ya kutosha ya kukutukana. Simama mbele kabisa, tata, utukanwe vizuri, na ucheze.