Vitu vya Jeshi Vinatoka Kimoja Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimepanga kabati. Blanketi la jeshi halipo. Lile la kijivu, ambalo hata mgeni haruhusiwi kujifunika. Nikamuuliza Baba Mwende liko wapi. Akaendelea kung'arisha viatu kana kwamba nimeongea na ukuta. Yuko likizo, lakini kila asubuhi anatoka hapa Komarock na begi. Likizo gani hiyo?

Jumatano, 5 Machi

Leo ni koti la mvua. Na sahani zake za bati za kambini. Mwanamume anayehamisha blanketi na sahani ana mahali anapohamia. Ukiolewa na mwanajeshi unazoea kulala peke yako. Hilo nilikubali. Nyumba ya pili sikukubali.

Mkataba wake unaisha mwaka huu. Tulipatana aombe kuongezewa miaka. Mwende ana pumu, na kadi ya jeshi ndiyo inayomtibu. Kila nikiuliza kama ombi limejibiwa, anatoka nje. Labda mshahara umeshapata mwenyewe mwingine.

Ijumaa, 7 Machi

Buti nazo zimeenda. Mama Njeri wa mlango wa pili kanikuta nikianika nguo. "Niaje Mama Mwende, kwani mzee wako alihama? Nimemwona mtaa wa Ziwani mara mbili, na begi." Akacheka. Nami nikacheka, meno tu. Lisemwalo lipo. Chai imenishinda. Kesho namfuata.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemfuata hadi Ziwani. Nilivaa raba, tayari kwa vita. Mlango wa nyumba aliyoingia ulikuwa wazi. Nikaingia bila hodi.

Hakuna mwanamke. Kuna sajenti mstaafu, mwenzake wa zamani. Sakafuni blanketi, koti, sahani na buti vimepangwa mstari kama siku ya ukaguzi. Mstaafu anataja, Baba Mwende anaonyesha. Anayetoka jeshini hurudisha kila alichopewa, na hawa walikuwa wanahakikisha hakuna kilichopungua.

"Unatoka?" nikauliza. Hakugeuka. Mstaafu akamgusa bega. Ndipo akaniona.

Ni masikio. Miaka yote hiyo kando ya mizinga. Daktari amempima, ombi limekataliwa. Vitu alivitoa kimoja kimoja ili nisishtuke. Mjinga huyu. Nilishtuka mara nne.

"Ningekuambiaje, Mama Mwende? Hiyo kadi ya mtoto ni mimi, nikitoka nayo inaisha."

Nililia kwa kukosa mtu wa kupigana naye. Mstaafu akachemsha chai. Pensheni itakuja, anasema, ila haiji mbio. Amemtafutia kazi ya kulinda geti la ghala, Industrial Area. Koplo wangu, kufungulia malori. Eti hata asiposikia vizuri haina shida. Siamini. Mlinzi asiyesikia? Nitaenda kuwauliza mwenyewe. Kuhusu dawa za Mwende, nimeuliza mara mbili. Wote wawili waliangalia vikombe vyao.

Naogopa. Afadhali ingekuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Mchungaji akawaita wanajeshi na polisi wasimame waombewe, kama kawaida yake. Baba Mwende hakusikia. Mwende akamvuta mkono: "Baba, simama, wanakuita." Akainuka nusu. Akanitazama. Kisha akaketi.

Nikasogea karibu naye. Waliosimama wakaombewa.