Makaa Chini ya Jiwe la Mpaka

Kaaga,
S.L.P. 418,
Meru.

13 Septemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Kiogora,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe, wifi yangu Phyllis na Kawira wenu. Hamjambo huko Kanada? Baridi imeanza kuwauma au bado? Sisi tunaamka na kulala, na kwa umri wetu hilo si jambo dogo. Mama anaendelea na miguu yake. Asubuhi imevimba, jioni imepungua, na yeye mwenyewe anasema ni mvua za Oktoba zinabisha hodi. Presha yangu imeshuka tangu niache kwaya. Kuku wangu wamefika arobaini na mmoja, na mwewe anaijua hesabu hiyo kuliko mimi.

Picha ya Kawira kwenye theluji ilifika. Mama ameitundika kando ya kalenda. Ameniuliza mara tatu kama mtoto huyo ana soksi ndani ya viatu vile, kwa hiyo ukiandika umjibu.

Barua yako ya Julai pia ilifika. Nimechelewa kujibu kwa makusudi, sitaisingizia posta. Uliniuliza mambo mawili: kama kweli nilivichoma vitu vya baba, na kama naweza kumpata mtu wa kuonyesha mpaka wa sehemu yako ili fundi aanze msingi Januari. Uliyauliza yote mawili katika ukurasa mmoja, na ulifanya vizuri, maana jibu lake ni moja. Ila nivumilie nianzie mbali kidogo, kwa sababu wewe hukuwa hapa.

Kutokuja mazishini sikulaumu. Ninachokulaumu ni kuhukumu ukiwa mbali.

Siku moja kabla ya kumzika baba, jirani yetu Muthamia alikuja kunisaidia kuchagua suti. Unajua walivyokuwa, yeye na baba. Miaka thelathini, kila Jumapili baada ya ibada, walicheza drafti barazani kwetu kwa vifuniko vya soda, wakibishana hadi Mama awanyime chai. Alikuwa anatafuta tai. Akaufungua ule mkoba wa ngozi ambao baba aliubeba kila Jumamosi ya pili ya mwezi akienda Nyeri, kwenye kile tulichokiita mkutano wa wapimaji.

Ndani mlikuwa na aproni nyeupe ya ngozi ya kondoo yenye ukingo wa buluu, glavu nyeupe, na kitabu kidogo. Juu ya aproni, ile alama ya bikari na skwea ya fundi. Ni alama ile ile iliyokuwa kwenye pete yake na kwenye majalada ya madaftari yake ya kupimia. Kwa kuwa alikuwa mpima ardhi, kijiji kizima kilidhani ni alama ya kazi. Hata mimi nilidhani hivyo, na nina miaka hamsini na sita na cheti cha ualimu.

Muthamia aliishika ile aproni kwa vidole viwili, kama nepi ya mtoto wa mtu mwingine. Akaniambia, "Mwalimu, hii kitu ni ya Frimasoni, ile chama ya siri. Na hao ndio gazeti inasema wanaabudu shetani." Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli sijui. Lakini nilivyojibu, nikiwa nimeinamisha kichwa, ni kama nilikubali.

Kabla jua halijazama wazee wa kanisa walikuwa wamekaa kikao, na Muthamia mwenyewe ndiye aliyetuletea jibu. Jeneza la baba halikuingia katika kanisa ambalo yeye ndiye aliyelipimia kiwanja. Hakuna aliyekuja kuomba kaburini. Mama yetu, ambaye hata kwenye harusi zetu hakuwahi kusimama kusema neno, ndiye aliyeomba. Aliomba kwa Kimeru, maneno machache, akamwambia Mungu, "Huyu unamjua, sina haja ya kukueleza." Kisha akashika udongo.

Walikuja wazee watatu wa suti nyeusi ambao hatukuwajua. Walisimama nje ya ua wa michongoma hadi watu wakatawanyika, ndipo wakaomba ruhusa ya kuingia. Kila mmoja aliangusha kitawi kibichi juu ya kaburi, wakamshika Mama mkono wakaenda. Hao ndio mashetani wenyewe, Kiogora. Mmoja alikuwa na bandeji kwenye kidole.

Wiki tatu baadaye ikaja barua yako. Kanisa lenu la huko limekufundisha mengi, naona. Uliniandikia nichome kila kitu chenye alama ile, nisiache hata karatasi, la sivyo laana itawafuata watoto wetu. Nilikutii. Sitasema ulinilazimisha. Nilikuwa na hasira zangu pia. Nilimkasirikia baba kwa kuwa aliniachia aibu ambayo hakunieleza hata siku moja, mimi niliyempigia pasi shati la kila Jumamosi hiyo. Nikachoma mkoba, aproni, glavu, na madaftari kumi na manne, nyuma ya jikoni. Mama alikuwa akichambua maharagwe, akaniangalia, hakunizuia. Nimewafundisha watoto wa darasa la sita miaka ishirini na tisa wasome kabla ya kujibu, na mimi sikufungua daftari hata moja kabla ya kulitupa motoni.

Sasa kuhusu mawe. Mwezi wa Juni ng'ombe wa mtu mmoja hapa chini alikufa, mwenyewe akachimba jiwe la mpaka la kona yake kutafuta sababu. Unakumbuka kwamba mashamba ya kitongoji hiki chote yalipimwa na baba mwaka wa sitini na saba. Yule mtu alichimba na chini ya jiwe akakuta chupa imezikwa mdomo ukiangalia chini. Basi, ikatosha. Ndani ya wiki moja walichimba kona kwa kona, na kila walipochimba walikuta chupa. Walikuwa wakiimba nyimbo za wokovu. Mawe yote wakayatupa mtoni, na chupa wakazivunja.

Muthamia hakutaka kuachwa nyuma. Alichimba jiwe la kona ya chemchemi, lile moja linaloyagawa mashamba matatu, letu, lake na la Rwamba. Alipoiona chupa aliitoa kwa mti mrefu, akarudisha udongo haraka, akakimbia kulitupa jiwe mtoni. Jioni ile ile tulikuta ule ubao wa drafti umeegemezwa langoni kwetu. Baba ndiye aliyeuchonga na kuupaka rangi. Walisema miraba myeusi na myeupe ndiyo sakafu ya nyumba ya Frimasoni. Kwa hiyo sasa hata drafti ni dhambi.

Mmoja wa wale wazee watatu anaitwa Mzee Ireri, wa Kanja, kule Embu. Tangu Mei anakuja kila Jumamosi ya pili ya mwezi, siku yao ya mkutano, anamletea Mama nduma na kukaa naye saa mbili wakizungumzia mbegu za maharagwe na watu waliokufa. Hakuna mwingine anayekuja. Akina mama wa kanisa wakikutana na Mama njiani wanaulizia miguu yake huku wanatembea.

Nilimuuliza Mzee Ireri walikuwa wakifanya nini huko Nyeri. Akasema, "Tulikula chakula, Mwalimu. Tuliahidiana mambo ambayo siwezi kukwambia, lakini si mabaya. Mwenzetu akifa tunaangalia mjane." Ndipo nikaelewa nduma zile. Aliniomba ile aproni, kwamba ingefaa iwekwe na baba. Nikamwambia nilivyofanya. Alivua kofia, akaomba nimwonyeshe mahali. Akasimama pale nyuma ya jikoni, penye majivu na maganda ya ndizi, kama dakika tano. Kisha akasema, "Sawa, Mwalimu." Sijawahi kuaibika hivyo maishani mwangu.

Yeye ndiye aliyenieleza habari za chupa. Mwaka huo wa sitini na saba alikuwa msaidizi wa baba wa kuvuta mnyororo wa kupimia. Chini ya kila jiwe baba aliagiza chupa izikwe, na chini zaidi, urefu wa mkono kutoka kwenye chupa, makaa ya jikoni, debe nusu. Jiwe linaweza kung'olewa na trekta au na mwizi. Chupa inaweza kuvunjika. Makaa hayaozi, mchwa hawayali, na hakuna mtu anayeiba makaa yaliyozikwa. Mtu mkweli akitaka kujua kona ilikuwa wapi, atachimba hadi aone weusi. Huo ndio uliokuwa uchawi wa baba.

Akanieleza na jambo ambalo Mama alilijua, na hakuwahi kulitamka. Walipofika kwenye shamba letu wenyewe, mstari uliiacha chemchemi upande wa Muthamia, kwa hatua mbili tu. Ireri alimwambia baba asogeze mnyororo kidogo, nani angejua. Baba akamwambia azike makaa pale pale mstari ulipoangukia. Miaka thelathini na moja Mama amechota maji kwa kumwomba ruhusa mke wa Muthamia.

Mwezi uliopita Rwamba alilima akapitiliza, akafuta hata alama ya lile shimo, akapanda majani ya nepia hadi ng'ambo ya chemchemi. Muthamia alipomwendea, akamjibu, "Jiwe iko wapi? Si wewe ulitupa?" Walishikana mashati mbele ya wake zao. Ofisi ya ardhi ina ramani, lakini afisa alisema ramani inaonyesha mstari tu, vipimo vya kona vilikuwa kwenye madaftari ya mpimaji, na bila hivyo majirani watatu wakubaliane. Hawakubaliani hata kuhusu siku ya wiki.

Kwa hiyo juzi Muthamia alikuja kwetu. Mara ya kwanza tangu Aprili. Alisimama langoni kofia mkononi hadi Mama akamwambia aingie. Akasema, "Mwalimu, baba yako alikuwa mtu wa haki. Nisaidie na ile daftari yake ya kona yangu." Nikamwambia angeyasema hayo Aprili, mbele ya jeneza, yangemsaidia yeye na sisi. Kisha nikamwambia madaftari niliyachoma, kwa sababu yalikuwa na alama aliyoiogopa yeye na ndugu yangu. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani bila kukaribishwa. Nikamweleza habari ya makaa. Nikamwambia Mzee Ireri atamwonyesha mahali, achimbe urefu wa mkono tu, chemchemi yake itarudi. Akasema hawezi kuweka jembe pale, na hakuna mtu wa kitongoji hiki atakayeweza.

Akiondoka aliutazama ubao wa drafti ukutani. Hakuuomba, nami sikumpa.

Unaweza kufikiri nilifurahi. Nilifurahi kama siku moja. Nilimwambia Mama kwamba sasa jiwe halipo, nasi tusogee hatua mbili, tupate maji. Mama aliniangalia kama mtoto wa chekechea. Akasema, "Baba yenu alijua mpaka uko wapi, na sasa hata wewe unajua." Nikaenda kuwapa kuku maji.

Basi, mdogo wangu, jibu lako ni hili. Vitu vya baba nilivichoma vyote, hukumu tuigawane. Na sehemu yako inaanzia kwenye kona hiyo hiyo ya chemchemi, baba alikuandikia hivyo katika wosia wake. Jiwe liko mtoni. Vipimo viko nyuma ya jikoni, chini ya maganda ya ndizi. Mtu pekee anayekumbuka hatua za kuhesabu kutoka ule mkuyu hadi kwenye kona ni Mzee Ireri, mwenye miaka sabini na tisa, na Jumamosi iliyopita alinisimulia ya chemchemi mara mbili bila kujua amerudia.

Sitamtuma mtu mwingine achimbe, na mimi sitachimba kwa niaba yako. Njoo mwenyewe kabla ya Januari, kabla kumbukumbu ya Mzee Ireri haijatuacha. Yeye atahesabu hatua, wewe utashika jembe, Muthamia na Rwamba wakiwa wamesimama wanakutazama. Utachimba hadi mikono yako iwe myeusi kwa makaa ya baba. Hapo ndipo shamba lako linapoanzia, na hakuna fundi atakayeweka jiwe la nyumba yako kabla ya hapo.

Mama anawasalimu sana, hasa Kawira, na anasubiri jibu la soksi. Mzee Ireri, ambaye humjui, alisema nikisalimia nimtaje. Msalimie Phyllis, mwambie sina neno naye.

Mungu aliyemjua baba bila kuelezwa awalinde safarini, na asituache sisi tunaohitaji kuelezwa kila kitu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo, japo leo ni kwa shida,

Karwirwa