Mchoro Usiomjua Dahabo

S.L.P. 47,
Katangi.
14 Septemba 2006

Mpendwa ndugu yangu Ndunda,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Yatta. Hujambo? Baridi ya Uingereza imekuachia kifua? Sisi tuko wazima, ila goti la mama linasumbua na mvua bado.

Rafiki yako Lenny alifika na barua yako, tukampokea, akala muthokoi sahani mbili. Lakini kazi yake sijaipenda. Mwezi mzima aliuliza kila mama wa kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kazi, na kila mwenye kibanda sokoni: njaa ya mwaka elfu mbili, ulisaidiwa na nani? Kila mtu akawa nukta kwenye kompyuta, kila msaada mstari. Ati ndiyo elimu yenu ya mifumo changamani, vile watu hushikana bila mkubwa wa kuwaamuru, kama siafu. Nikajiuliza, mtu anahesabiwa marafiki ya nini?

Kina mama wote wa kikundi walinitaja mimi. Ni uongo, na niliupanga mwenyewe. Unajua mgeni akichimba mambo ya kikundi hupewa jina la mwenyekiti, ndiye mimi, yaishe. Tena Dahabo, yule mama Msomali mwenye kibanda sokoni, alipotugawia mahindi alituapisha tusimtaje. Sadaka yake ni ya siri.

Sasa Lenny amemwachia karani wa soko nakala ya mchoro huo wa nukta na mistari, naye ameibandika ukutani. Vibanda vitabomolewa kupanua stendi, na wataanza na wasio na uhusiano na jamii. Dahabo ni nukta pembeni, hana hata mstari mmoja. Amepewa mpaka mwisho wa Oktoba. Nilimwendea nikilia, akasema tu, "Nilikuomba unifiche, umenificha."

Nilimweleza karani ukweli. Akasema mimi natetea rafiki, kompyuta haitetei mtu.

Niambie bila kuzunguka: ulijua mchoro utafanya kazi hii? Kikulacho ki nguoni mwako, Ndunda. Sitaki kuamini, lakini roho imekataa kutulia.

Mama, Mutanu na mjomba Bartholomew wanakusalimia. Hawajui nakuandikia haya.

Leo navunja kiapo mara ya pili. Mwandikie karani haraka kwamba mchoro una kosa, na mstari wa kwanza uchore wako. Uji uliokunywa kila asubuhi ukienda mtihani wa kidato cha nne ulikuwa wa mahindi ya Dahabo.

Mungu akulinde, akupe na ujasiri wa kusema kweli.

Dada yako akupendaye, hata akiwa na shaka,
Mwongeli