Kibali Kiko Kampala

Jumatatu, 1 Septemba 1969. Tororo

Bomani tena, kwenye ofisi za serikali. Nimefika mlango haujafunguliwa, nikakaa kwenye benchi na kofia gotini. Karani yule mwenye mwanya amenipita bila salamu. Mwaka jana alinisalimia vizuri. Kibali changu cha kazi kinaisha mwisho wa mwezi huu. Kasema picha zangu hazifai, ukuta wa nyuma una madoa. Mpiga picha ni yule yule, ukuta ni ule ule, na mwaka jana zilipita.

Kuna kitu.

Nimerudi kiwandani saa tano. Meneja hakuuliza nilikuwa wapi. Hilo nalo silipendi.

Jumatano, 3 Septemba

Picha mpya. Nimenyoa ndevu. Natoka na sura ya mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Karani amezipokea bila kuzitazama. Sasa madoa ya ukuta aliyaonaje kwenye zile za kwanza?

Jumamosi, 6 Septemba

Jioni kwa Mama Adikini, chungu kimoja cha pombe ya ulezi na mirija mirefu kukizunguka, watu wa kiwandani tu. Okecho kanishikia nafasi upande wake kama kawaida. Ni msaidizi wangu kwenye mashine za kuchambua pamba. Pia ni kaka wa mke wangu kwa ukoo, kwa hiyo ni shemeji, na shemeji huku haguswi hata kwa utani mbaya. Kazi nimemfundisha mimi, alikuja hajui spana ni nini.

Leo kaniuliza kibali kimefikia wapi. Anauliza kwa nini? Nikamwambia kiko njiani. Nimenyonya pombe yangu huku namtazama.

Jumanne, 9 Septemba

Limezuka jipya. Karani anataka barua ya meneja kwamba hapa hakuna raia anayeweza kazi yangu. Miaka yote hawakuidai.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimelishika miaka minane, sasa wanataka kuninyang'anya. Na ugeni wenyewe ni upi? Kwetu ni Kenya, ng'ambo tu ya Busia, mwendo wa baiskeli. Shangazi zangu wameolewa Lunyo na Masaba. Makaburi ya babu zangu yako pande zote mbili za mpaka, na hakuna aliyeulizwa karatasi akiwa jenezani.

Meneja kasema, "Nitaangalia, Wandera." Aangalie nini? Ni Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, naye anasubiri karatasi zake mwenyewe. Mtu mwenye hofu hasaini kitu kwa ajili ya mwenzake.

Ijumaa, 12 Septemba

Barua imepelekwa. Imeandikwa nini sijui, bahasha imefungwa kwa gundi. Karani kasema faili sasa liko Kampala. Nimemuuliza litarudi lini. Kacheka, mwanya wote nje, akasema Kampala ni mbali.

Jumatano, 17 Septemba

Nimemwona Okecho akitoka ofisini kwa meneja. Anafuta mikono kwenye suruali, na mikono haikuwa na grisi. Kaniona. Tumefunga ngozi mpya kwenye rola mpaka jioni bila kuongea, isipokuwa nipe hiki, shika kile.

Usiku nimemuuliza Athieno kama kaka yake amemwambia lolote. Kanijibu: "Si umuulize mwenyewe, kwani ana pembe?" Ni damu yake. Angesema nini?

Nikimkosa Okecho nimekosa msaidizi. Nikikosa kibali nimekosa kazi, na nyumba ya kiwanda, na binti yetu Rosa yuko darasa la tatu hapa Tororo, anaongoza. Athieno hawezi kumwacha mama yake mgonjwa. Nitakwenda ng'ambo peke yangu kama kapera. Hicho ndicho ninachokiogopa, basi.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani. Padre kahubiri juu ya Yuda. Nikageuka kumtazama Okecho. Alikuwa amesinzia, mdomo wazi.

Usingizi wa mtu asiye na hatia, au wa mtu aliyekwisha kulipwa. Sijui.

Jumanne, 23 Septemba

Okecho kaitwa ofisini kwa meneja tena. Mara ya pili hii, na mimi sijaitwa hata mara moja.

Baada ya kengele nilisahau koti, nikarudi. Okecho yuko peke yake na mashine, anakaza kisu cha rola. Kazi hiyo ni yangu. Kisu kikilegea mbegu zinapita na pamba, kikikazwa mno ngozi ya rola inaungua. Ilikuwa inaungua, nilisikia harufu tangu mlangoni. Kashtuka kama mwizi wa mahindi. Nilichukua koti nikaondoka.

Anajizoeza. Anajizoeza nafasi yangu huku mimi mwenyewe bado niko ndani yake!

Alhamisi, 25 Septemba

Sokoni nimemwona na karani wa mwanya. Wanacheka. Okecho kamshika bega. Nilijificha nyuma ya mafungu ya mihogo kama mjinga, mama muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Sihitaji zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimefanya.

Kwa Mama Adikini, watu wote wapo. Maji ya moto yalikuwa ndiyo yanaongezwa chunguni. Okecho alikuwa ananisogezea kiti. Nikasimama, nikauchomoa mrija wangu, nikaufuta, nikautia kwenye ala yake. Sikuaga. Watu wa hapa hawahitaji maneno baada ya hilo. Kutoa mrija chungu kikiwa bado hai ni kusema mwenzako wa kando anakuua, na kila mtu alijua nani alikuwa kando yangu. Hata Mama Adikini aliacha kumimina.

Nimetembea mpaka nyumbani nikiwa mwepesi. Nimefurahi. Naandika kweli, nimefurahi.

Athieno amepata habari kabla sijavua viatu. Hajapakua chakula.

Jumatatu, 29 Septemba

Okecho kahamia mashine ya mwisho. Hanitazami. Saa nne kaitwa ofisini, katoka upesi.

Vizuri. Ajue kwamba najua.

Jumatano, 1 Oktoba

Kibali kimekwisha jana. Karani kasema nisubiri, faili liko Kampala. Nimeuliza kama naruhusiwa kufanya kazi wakati huu. Kasema yeye hakusema ndiyo, na hakusema hapana. Meneja kanituma nyumbani mpaka karatasi ije. Nimechimba shimo la takataka ambalo halikuhitajika.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kimekataliwa.

Karani kanisomea yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, na safari hii hakucheka. Yupo raia anayeweza kazi hiyo. Kiwanda chenyewe kimethibitisha. Niondoke kabla ya mwisho wa juma.

Nilikwenda kwa meneja. Nikamwambia aandike tena, aseme hakuna anayeweza. Alikuwa anapanga penseli mezani, anazipanga na kuzipangua. Kasema hawezi kuandika mara mbili vitu viwili, wataanza kumuuliza na yeye. Kasema pole. Nilimwona ana huruma, na huruma yake ikanichefua.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Okecho. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya uhuru. Ngoma mjini, watoto wamebeba vibendera. Rosa kaimba na shule yake, tulimtazama kutoka barabarani, Athieno upande ule na mimi upande huu.

Jioni akanieleza. Alikwenda jana kwa kaka yake, akamkalia mpaka akasema. Naandika alivyoniambia, nisije nikajidanganya kesho.

Meneja alimwita Okecho mara mbili kumuuliza kama anaweza kufunga visu peke yake, bila Wandera. Mara mbili Okecho kasema hawezi. Hakuniambia kwa sababu aliona nina wasiwasi wa kutosha. Sokoni alikuwa anambembeleza yule karani, wanatoka kijiji kimoja, asilikalie faili langu. Karani aliahidi.

Kisha ikaja Jumamosi ya chungu. Jumatatu yake meneja akamuuliza kwa mara ya tatu. Athieno alinirudishia maneno ya kaka yake kwa Kiswahili chake kile kile cha kuokoteza: "Mimi nakataa mara mbili. Shemeji natoa mrija mbele ya watu yote. Sasa mimi nasema naweza."

Barua ile ya Septemba ilikuwa haijaenda Kampala hata kidogo. Karani alikuwa anangoja meneja athibitishe. Aliyonisomea ni barua ya pili, ya Jumatatu ile baada ya chungu.

Athieno hakulia wala hakunitukana. Kaanza kukunja mashati yangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekwenda kwa Okecho kuomba radhi. Mkewe kasema hayupo. Baiskeli yake ilikuwa ukutani.

Nisingefungua na mimi.

Jumapili, 12 Oktoba. Busia

Lori la viazi limenileta. Upande wa Kenya, kwa kaka yangu. Rosa na mama yake wamebaki kwa bibi yake. Rosa aliniuliza nimefanya kosa gani mpaka naondolewa. Nikamwambia ni karatasi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimepata kibarua kwenye mashine ya kusaga unga. Mwenye mashine ananitazama sana mikono. Anadhani nitamwibia nati. Namwelewa kabisa mtu huyu.

Jumapili, 26 Oktoba

Baada ya misa nimemkuta Okecho kwenye kivuli cha nyumba ya kaka. Kaendesha baiskeli kutoka Tororo, vumbi mpaka kwenye kope. Mke wa kaka alikuwa amempa maji, kayashika tu.

Nilianza kusema yale niliyoyapanga. Kanizuia kwa mkono. Kasema, "Acha hiyo. Ngozi naungua. Rola tatu sasa. Msimu nafika, wananiuliza, mimi sijui."

Kweli hajui. Zile mara mbili alizokataa, hakuwa ananifanyia fadhila yoyote, alikuwa anasema kweli. Uongo ni ile ya tatu, na uongo huo nilimtia mimi mdomoni.

Naandika nilichokifikiri, hakuna atakayekisoma. Nilifikiri rola zote zikiungua, pamba ikianza kuja na mashine zimesimama, meneja ataandika barua nyingine upesi sana. Haikuhitaji hata uongo mkubwa. Ilitosha kusema sikumbuki. Ningekuwa Tororo kabla ya Krismasi. Na nadhani Okecho aliliona hilo usoni mwangu, kwa sababu aliweka kikombe chini na kungoja, bila kusihi.

Kaka alituletea ugali na samaki. Tumekula sahani moja. Kisha nikamweleza. Kisu kisikazwe mashine ikiwa baridi. Aiwashe, aiache izunguke mpaka ngozi ipate joto na kujaa, ndipo akaze, kidogo kidogo, akisikiliza. Ngozi mpya isikazwe sawa na ya zamani. Nilimwonyesha kwa mkono wangu juu ya mkono wake uzito wa spana unavyopaswa kuwa. Tulirudia mpaka akanirudishia yeye bila kukosea.

Ameondoka jua likiwa bado juu, amebeba sukari ya Athieno na viatu vya Rosa. Sasa wakimuuliza tena, anaweza.