Bakuli la Rukaya

Jumanne, 7 Juni 1994
Njombe. Baridi ya huku si mchezo! Nimevaa masweta mawili kutoka kwenye belo langu mwenyewe la mitumba — mali safi, wateja wangu wa Makambako watanisamehe. Tumemleta Rukaya hospitali, mtoto wa kaka Abdulaziz. Kaka yuko safari na lori, kwa hiyo mwanaume hapa ni mimi, Halfan. Tuko na Mama, na shemeji Ashura aliyemzaa Rukaya.

Nyumbani tulisema mtoto amenenepa. Miguu imejaa, mashavu yamejaa! Mimi ndiye niliyemwita Bonge. Lakini wiki hii hachezi. Nimemfanyia ile sura yangu ya mbuzi, hacheki.

Nesi wa wodi ya watoto ni Sista Feliciana, Mkinga wa Makete. Mfupi, hana haraka. Hakumgusa mtoto! Alivuta stuli akakaa, akawa anamtazama tu amelala mapajani kwa mama yake. Nikamwambia, Sista, hatujaja kupigwa picha. Akasema, "Nahesabu anavyopumua, baba mdogo. Nikimgusa atalia, hesabu itaharibika. Na wewe ukiongea ndiyo kabisa." Shemeji alicheka. Siku nyingi sijamwona akicheka.

Kisha akabonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa. Si unono. Ni maji! Mwili umekosa chakula cha kuujenga, ndivyo alivyosema.

Mama aliruka. "Kwangu? Maharage kila siku, dagaa kila siku! Sinia langu halijawahi kuwa tupu!"

Sitamwita Bonge tena.

Jumatano, 8 Juni
Wanampa maziwa kidogo kidogo kwa kikombe. Mengine anatapika. Namwangalia tu. Mungu, huyu mtoto tuachie.

Sista alimuuliza shemeji, nani anamlisha? Mama akajibu. Aliachishwa ziwa lini? Mama akajibu. Wewe mwenyewe, mama Rukaya, unakula vizuri? Mama akajibu hilo nalo! (Na mimi nilijibu moja, sikuulizwa.) Sista akasema kwa adabu zote, "Bibi, naomba unichukulie maji ya moto kule jikoni." Mama akatoka na chupa ya chai, anajiona mkuu wa wodi.

Sista akarudia maswali yaleyale. Shemeji akatazama mlango kwanza. Ndipo akasema, tangu mtoto aachishwe ziwa anakula kwenye sinia na watoto wenzake wa nyumbani. Yeye anakula jikoni na Mama, haoni mtoto anapata nini. Akimsogelea kumlisha, Mama anasema anabagua, anajali wa kwake tu. Basi akaacha.

Miaka yote hii nakaa nyumba moja na huyu mwanamke. Sikujua.

Ijumaa, 10 Juni
Maziwa yote yamebaki tumboni! Alhamdulillahi!

Sista alitaka kumwangalia koo, Rukaya akafunga mdomo kama kufuli. Akaanza na mimi. "Baba mdogo, fungua." Nikafungua kama mamba, wodi nzima inatazama. "Huyu," akasema, "ana meno ya mtu asiyekosa chakula." Rukaya akaona, naye akafungua. Ufundi wa nani huo? Wangu!

Alhamisi, 16 Juni
Uvimbe umeisha. Vijiguu kama njiti, lakini anacheka. Amenivuta sikio mpaka nimelia — kwa kumwigizia tu.

Shangazi wa Mjimwema, tunakolala, alileta ugali na maharage. Sista akasema kuleni hapa, nataka kuona. Tukamweka Rukaya katikati. Kwenye sinia mimi sina mpinzani, waulize stendi nzima. Nikaonyesha uwezo. Sista ananitazama, nikadhani ananishangaa.

"Baba mdogo, umemeza matonge mangapi?" Nani anahesabu? "Na yeye?"

Rukaya alikuwa na tonge lake la kwanza mkononi, analinyonya. Maharage yameisha.

Hakuna aliyecheka. Kidato cha pili sikumaliza, lakini hesabu ile niliielewa.

Sista akamshika Mama mkono. "Bibi, hakuna mchoyo hapa. Mnapendana. Ila anayekula polepole haonekani. Awe na bakuli lake, na mtu wa kukaa naye." Mama akauvuta mkono. Mtoto atengwe na wenzake kama ana ukoma? Kwake sinia ni moja, hata mgeni anakaa hapohapo. Hilo bakuli lisivuke mlango wake!

Jumatano, 22 Juni
Tumeruhusiwa. Sista kasema wazi: akirudi kulekule kwenye sinia, ugonjwa utarudi, na safari hii huenda tusimuwahi. Arudi kupimwa uzito.

Nilimpa sweta langu bora. Akacheka. "Mtu wa Makete umpe sweta kwa kibaridi hiki? Mvalishe mtoto." Nimemshukuru mpaka kanifukuza. Sokoni nikanunua bakuli la bati, la bluu, lina ua. Sikuomba hata kupunguziwa — mimi!

Alhamisi, 23 Juni
Makambako. Niko barazani, mlango wazi. Watoto wamenawa, sinia liko chini mbele yangu. Bakuli nililiweka kando yake. Shemeji kainama, anatenga sufuria. Mama akaliona. Akasonya. Akaliokota, akaingia nalo ndani. Nikajua limekwenda.

Ametoka nalo. Limeloa. Analifuta kwa pindo la khanga, ndani, nje, hata kwenye lile ua. Anatia upawa kwenye sufuria. Anauliza, bila kututazama, nani atakaa na huyu mtoto.

Watoto wameanza kula bila mimi. Waanze.

Shemeji amenyanyua uso. Jibu ninalo mimi kwenye ncha ya ulimi — nimejiziba mdomo. Na Mama, safari hii, hajamjibia. Kashika bakuli, anamtazama shemeji, anangoja —